Nguvu ya pikapu ya dizeli hapa Mwanza: turbo, boksi, kompyuta na mafuta yenyewe

Nina pikapu mbili za dizeli, na zote mbili zinafanya kazi moja: kubeba chakula cha samaki kutoka mjini Mwanza hadi kwenye vizimba vilivyotawanyika pembezoni mwa Ziwa Victoria, na kurudi na samaki waliopangwa kwenye barafu. Ya kwanza ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 79 yenye injini ya 1HZ. Ya pili ni Toyota Hilux ya mwaka 2017 yenye injini ya lita 2.8 na gia za mkono. Katika miaka miwili iliyopita nimezifanyia zote mbili marekebisho ya kuongeza nguvu, baadhi nikayabakiza na mengine nikayang'oa. Ninaandika tathmini hii kwa sababu nilipokuwa ninatafuta ushauri sikumpata mtu aliyelipa kwa fedha yake mwenyewe, akakaa na gari miezi sita, kisha akaeleza lililotokea. Wengi niliowauliza walikuwa na kitu cha kuuza.

Nianze na hewa, maana hapo ndipo Mwanza inapotofautiana na Dar es Salaam au Tanga. Uso wa ziwa letu upo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko pwani. Injini isiyo na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi na kushindilia hewa kwenye injini, huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, kwa hiyo hewa inayoingia kwenye silinda hupungua kwa kiasi kama hicho katika kila mzunguko. Kiwanda kinaipa 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, nguvu farasi 129 hivi na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutonimita 285; hapa kwetu, kabla hujapakia hata gunia moja, sehemu kama moja ya kumi ya nguvu hiyo imeshaondoka. Tena, kama pampu ya dizeli ya injini haina kifaa cha kufidia mwinuko, inaendelea kupeleka mafuta ya pwani kwa hewa ya ziwani, na mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hutoka nyuma yakiwa moshi mweusi. Dereva wangu aliyezoea gari la aina hiyo hiyo Tanga aliamini kwa majuma kadhaa kwamba nimeuziwa gari bovu.

Injini yenye turbo hurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo bila kuguswa, kwa sababu hewa nyepesi hushindiliwa kabla ya kuingia. Ndiyo maana hoja ya kuongeza nguvu ina uzito mkubwa zaidi kwa mwenye 1HZ kuliko kwa mwenye Hilux mpya, na ndiyo maana fedha yangu ya kwanza niliitumia kwenye Land Cruiser.

Gereji moja ya hapa mjini ilinifungia turbo, mkono mpya wa kupokea moshi kutoka kwenye injini, mabomba ya kupeleka na kurudisha oili, na bomba la kutolea moshi la inchi 3. Kazi ya mikono ilikuwa safi, na ni haki kulisema hilo: mabomba hayakugusa fremu, hakuna oili iliyovuja, na walibadilisha mkanda wa taimingi bila kuniongezea gharama ya kazi kwa kuwa sehemu ya mbele ilikuwa tayari imefunguliwa. Kasoro yao ilikuwa moja, lakini ndiyo iliyokuwa na uzito wa kuua injini. Baada ya kufunga turbo walifungua skrubu ya mafuta kwenye pampu kwa kusikiliza mlio na kutazama rangi ya moshi, wakasema gari sasa limekaa sawa. Nilipouliza watajuaje kwamba halichomi kupita kiasi, nilijibiwa, "Mama, ukiona moshi mweusi tu, rudi."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Gari lililokuwa linapanda barabara ya Bugando kwa gia ya pili sasa lilipanda kwa ya tatu, na kwenye vilima vya kati ya Sengerema na Geita halikuhitaji tena kujipanga nyuma ya malori. Mshale wa joto la maji haukusogea. Aliyenizindua ni fundi mmoja wa pampu na nozeli (vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini), mzee aliyezifanyia kazi injini hizi kabla sijajua kuendesha, ambaye alitazama ncha ya bomba langu, akapitisha kidole ndani, kisha akaniambia ninunue kwanza kipimajoto cha moshi kabla ya kupakia tena.

Kipimajoto hicho ni waya mwembamba wenye ncha inayoingizwa kwenye njia ya moshi kabla haujafika kwenye turbo, na saa yake hukaa mbele ya dereva. Kati ya vyote nilivyonunua, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho ningekinunua mwanzo kabisa. Safari ya kwanza nikiwa nacho, nikiwa na tani moja ya chakula cha samaki kwenye kilima kilekile nilichokuwa nakipanda kwa majivuno, saa ilivuka nyuzi 750 za Selsiasi na bado ilikuwa inapanda. Pistoni za injini hizi ni za aloi ya aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoziokoa ni kwamba moto hugusa pistoni kwa muda mfupi sana katika kila mzunguko, na joto hukimbilia kwenye ringi, kuta za silinda na oili. Lakini ukiushikilia moto huo dakika nzima ukiwa na mzigo mlimani, uokovu huo unaisha. Mafundi wengi wa dizeli huweka kikomo cha nyuzi 650 hadi 700 kwa safari ya kuendelea, na mimi nimeamua kukaa chini ya 650. Maji ya rejeta hayaonyeshi hatari hii kwa wakati, kwa sababu maji hupokea joto baadaye na polepole, ilhali kilele cha pistoni hulipokea papo hapo.

Kuna sababu ya ndani zaidi inayofanya 1HZ iogope turbo iliyofunguliwa ovyo. Injini hii ilitoka mwaka 1990 ikiwa imekusudiwa kuvuta hewa yenyewe. Mafuta yake huwaka kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na hewa hushindiliwa kwa uwiano unaozidi 22 kwa 1. Katika kipindi hichohicho Toyota walitengeneza ndugu yake wa turbo, 1HD-T, lakini huyo walimpa uwiano wa 18.6 kwa 1 na mafuta yanayopulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Mtengenezaji alipotaka turbo, alibadilisha moyo wa injini. Sisi tunaongeza turbo juu ya moyo uleule, na chumba kile cha kwanza kuwakia pamoja na nafasi nyembamba iliyo kati ya vali ndivyo hupasuka kwanza.

Yule mzee aliishusha pampu, akaiweka kwenye mashine ya kupimia, akafunga kifaa kinachoongeza mafuta pale tu turbo inapokuwa imeshaleta hewa, akapunguza kiwango cha juu cha mafuta, kisha turbo ikawekewa kikomo cha shinikizo la nusu baa. Kilima kile sasa kinapandwa kwa nyuzi 630 hadi 640. Sehemu ya msisimko wa mwezi wa kwanza imepotea, na sijutii hata kidogo. Gari linavuta vizuri kuliko lilivyokuwa, moshi mweusi umekwisha, na kwa kujaza tangi hadi shingoni kwenye pampu ileile ya kituo kilekile nimeona matumizi yamekwenda kutoka kilomita 6.5 kwa lita hadi karibu 7 nikiwa na mzigo. Hukumu yangu juu ya turbo ya 1HZ ni kwamba inafaa kwa mtu wa mwinuko huu anayebeba mzigo wa kweli, mradi ahesabu kazi ya pampu na kipimajoto kuwa sehemu ya bei tangu mwanzo. Gereji ikikupa bei isiyo na vitu hivyo viwili, hiyo ni nusu ya bei.

Watu wameniuliza kwa nini sikuendelea mbele nikaweka na intakula, ile rejeta ya kupooza hewa inayotoka kwenye turbo. Kwa nusu baa, faida yake ipo lakini ni ndogo kuliko gharama ya mabomba na nafasi inayochukua mbele ya rejeta ya maji. Kwangu si kipaumbele.

Hilux ni habari nyingine. Injini yake ya 1GD ina turbo, intakula na kompyuta inayoamua kila tone la mafuta. Nguvu farasi 177 zinanitosha kwa siku nyingi za mwaka. Nilishawishika kununua boksi la kuongeza nguvu kwa sababu muuzaji aliahidi mafuta pungufu na nguvu zaidi kwa wakati mmoja. Boksi hilo huunganishwa kati ya kompyuta na kihisi cha shinikizo kwenye reli ya mafuta, lile bomba la shinikizo kubwa linalogawa mafuta kwa nozeli, na kazi yake ni kudanganya: linaiambia kompyuta kwamba shinikizo ni dogo kuliko lilivyo, kompyuta inaiamuru pampu isukume zaidi, na kwa muda uleule wa kufunguka, nozeli inatoa mafuta mengi kuliko kompyuta inavyodhani. Nililipima kwa njia yangu, kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Usagara kuelekea Kigongo, nikiwa na kilo 800 nyuma, kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa kwa gia ya nne. Bila boksi ilikuwa sekunde 11, likiwepo, 10. Matumizi ya mafuta hayakushuka hata kidogo. Mfumo ambao tayari unafanya kazi kwa zaidi ya baa 1,600 sioni sababu ya kuusukuma zaidi kwa uongo, tena uongo ambao kompyuta haiwezi kuugundua hadi kitu kivunjike. Nililing'oa baada ya majuma matatu na silipendekezi kwa mtu yeyote.

Kubadilisha programu ya kompyuta yenyewe ni njia ya heshima zaidi, kwa kuwa kompyuta inaendelea kujua ukweli wa shinikizo, hewa na joto, na mipaka yake ya ulinzi inabaki. Fundi aliyenifanyia alikuwa mwangalifu: alisoma programu ya awali, akanipa nakala yake niihifadhi, na akaniuliza ninabeba nini kabla ya kugusa chochote. Hata hivyo karatasi yake ya matangazo iliahidi nyutonimita 520, na hapo nilimzuia. Toyota wenyewe waliipa injini hii msokoto wa nyutonimita 450 kwa gari la gia za otomatiki, lakini kwa gia za mkono waliishusha hadi 420. Mwaka 2020 walipoiongezea nguvu hadi farasi 204, otomatiki ilipanda hadi 500, na ya mkono ikabaki 420 ileile. Injini ni moja. Kilichozuia ni klachi na giaboksi. Kama waliotengeneza gari hawakuthubutu kuipa klachi ya mkono msokoto huo, sioni kwa nini mimi mwenye tani moja ya chakula cha samaki na tope la mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nithubutu.

Tulikubaliana aongeze kidogo kuanzia mizunguko 2,200 ya injini kwa dakika kwenda juu, na huku chini, mahali klachi inapoumia, abaki karibu na kiwango cha kiwanda. Jaribio langu la barabarani likashuka hadi sekunde 9 na nusu. Mafuta yamebaki kilomita 9 na kitu kwa lita, tofauti ambayo haizidi tofauti ya dereva na dereva. Ninaridhika nayo, lakini nikisema kweli, isingekuwa safari za Geita zenye mzigo kamili nisingeifanya. Mwenye gari ambalo bado lipo kwenye dhamana asiiguse, na mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kwa maandishi kabla ya kufanya lolote.

Sasa mafuta, na hapa ndipo nilipopoteza fedha nyingi kuliko turbo na programu kwa pamoja.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya kila mji, na Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya safari ndefu kutoka bandarini. Tofauti hiyo hutufanya tuwe wepesi wa kukimbilia lita iliyopungua shilingi chache, na ukifika kwenye mialo na visiwani utaikuta dizeli ya dumu ikiuzwa kando ya ile ya vituo. Nilinunua madumu manne kwenye mwalo mmoja kwa ajili ya Hilux. Siku ya tatu taa ya maji kwenye chujio iliwaka, siku ya nne injini ikaanza kugonga asubuhi, na nozeli mbili zilikwenda kubadilishwa. Sisemi kwamba aliyeniuzia alikuwa mwizi. Dumu lililo wazi kando ya ziwa hupumua: usiku hewa yenye unyevu huingia, alfajiri matone hujikusanya ukutani, na maji huzama chini kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji.

Tofauti ya injini hizi mbili inaonekana hapa kuliko mahali pengine. Nozeli ya 1HZ hufunguka kwa baa 150 hivi, na inasamehe makosa mengi. Katika mfumo wa reli, nafasi kati ya sindano ya nozeli na mwili wake ni maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu ni maikroni 70 hivi; tone la maji na chembe ya mchanga ambavyo Land Cruiser ingevimeza kwa kukohoa mara moja, kwa Hilux ni hesabu ya gereji. Kwa sababu hiyo sasa ninatoa utaratibu huu kwa madereva wangu wote wawili: Hilux haijazwi mahali popote isipokuwa kwenye kituo, kwa risiti; chujio la dizeli linabadilishwa kila kilomita 10,000, nusu ya muda niliokuwa nautumia awali; na mafuta ya mahali pageni humiminwa kwanza kwenye chupa nyeupe yakaachwa usiku mzima yatulie. Chupa hiyo imenikatalia mafuta mara mbili, na mara zote mbili nilimshukuru aliyenifundisha.

Juu ya kuchanganya mafuta ya taa na dizeli nitasema kwa ufupi. Uchakachuaji ulikuwa biashara kubwa wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini sana, na mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wake ili kuondoa kishawishi hicho. Vinasaba, yaani alama za kemikali, vinavyotiwa kwenye mafuta vinasaidia kuwakamata wanaoendelea. Bado wapo madereva wanaoamini kwamba kiasi kidogo cha mafuta ya taa "husafisha nozeli". Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Unachokiita usafi ni chuma kinachosagika. Chupa za dawa zinazouzwa kaunta kwa ahadi ya nguvu nazo nilizijaribu mbili, nikapima kwa njia ileile ya sekunde na kilomita, na sikuona badiliko lolote la kuandika.

Swali ninaloulizwa na ndugu zangu wa samaki wa kukaanga ni la mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, na hata ya mbegu za pamba zetu za Kanda ya Ziwa. Si wazo la kipuuzi. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta ya mimea yakiwa mabichi ni mazito kuliko dizeli mara kumi na zaidi. Nozeli haiwezi kuyapasua kuwa ukungu, na yasipowaka yote huacha gundi kwenye ringi na kuichafua oili ya injini. Yakitengenezwa kuwa biodizeli, kwa kuyachanganya na methanoli na magadi makali kisha kutenga gliserini na kuosha, yanafaa, ingawa lita yake ina nishati pungufu kidogo kuliko ya dizeli na huyeyusha mabomba ya mpira ya magari ya zamani. Methanoli ni sumu na hushika moto upesi. Si kazi ya kufanyiwa nyuma ya kibanda cha samaki. Kwa Hilux nasema hapana. Kwa Land Cruiser ningekubali mchanganyiko mdogo wa biodizeli iliyopimwa, kama siku moja atatokea mtu hapa Mwanza wa kuitengeneza na kunionyesha cheti cha vipimo.

Wiki ijayo Land Cruiser inavuka kwenda Nansio, Ukerewe, kwa kazi ya siku sita, na huko itabidi tununue dizeli ya pipa. Fundi wa pampu amenifungia kitenganisha maji cha pili kwenye fremu, upande wa dereva, chenye bakuli la kioo linaloonekana ukiinama bila kufungua boneti. Dereva ana daftari: kila asubuhi kabla ya kuwasha ataandika kiasi cha maji alichokitoa kwenye bakuli, na kila jioni nyuzi za juu kabisa zilizosomwa kwenye saa ya moshi siku hiyo. Akirudi nitaziongeza namba hizo hapa.